Shamba la bibi, sanduku la bibi

Mvua ikianza kunyesha Dar, hata kama ni manyunyu tu ya kulowesha vumbi, simu ya mzee wangu lazima iingie. Hasubiri hata nimalize shikamoo, swali lake ni moja tu, "maji yamefika wapi?" Mi nakaa Tabata sehemu ya juu, maji hayawezi kunifikia, na yeye siku hizi anakaa Chanika, ila ukimsikiliza utadhani bado tuko kwenye ile nyumba ya bondeni na anataka kujua kama tuanze kupandisha magodoro juu ya kabati. Imepita miaka kibao toka tutoke pale na swali halijabadilika.

Kwa hiyo leo naandika kuhusu Mto Msimbazi, na ardhi yote unayopita, yaani msitu kule juu, bonde katikati ya mji, na mikoko kule mwisho. Yote hiyo ni ardhi ya umma. Nimekaa na hili jambo mda mrefu na linaniuma, ntaliandika kama linavyokuja.

Mzee alinunua kiwanja bondeni mwaka 1994. Sitataja mtaa. Kulikuwa na karatasi ya kuandikiana, mashahidi wanne, saini ya kiongozi wa mtaa, mhuri wa bluu, na ile asilimia kumi ya ofisi ililipwa na risiti ikaandikwa kwa mkono. Mama aliitunza ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Msahafu. Kwetu ile ndo ilikuwa hati. Nani angetuambia vinginevyo, wakati aliyeuza alikuwa na watu wa ofisi pembeni yake, na majirani wote walikuwa na karatasi za namna ileile?

Ukutani nyuma ya mlango wa sebuleni mzee alikuwa anachora mstari kwa msumari kila mafuriko yakiingia ndani, afu pembeni anaandika mwaka. Mistari ya chini ilikuwa mingi imebanana kama ngazi, hiyo ilikuwa ni mvua za kawaida, masika za kutoa vitu nje na kuanika. Mstari wa Desemba 2011 ulikuwa juu ya dirisha. Sisi tulikuwa juu ya bati usiku ule, mimi, wadogo zangu wawili na mama, na mzee alikuwa chini amesimama kwenye meza akitupitishia vitu mpaka meza ikaanza kuelea. Watu takriban 40 walikufa Dar kwenye mvua zile. Serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande, wengine wakabaki, wengine waliondoka wakarudi. Sisi tulibaki. Mzee alipiga chokaa nyumba nzima isipokuwa pale nyuma ya mlango.

Desemba 2015 tukawekewa X nyekundu. Nakumbuka rangi ilikuwa imechuruzika kidogo kutoka kwenye mguu mmoja wa ile X mpaka kwenye baraza, na mama alijaribu kuifuta na mafuta ya taa. Januari tukang'oa wenyewe bati, milango na fremu za madirisha kabla tingatinga halijafika, tukapakia kwenye kirikuu. Hatukulipwa kitu. Mzee alirudi kesho yake peke yake, hajawahi kuniambia alienda kufanya nini.

Miaka kadhaa mi nilikuwa na hasira na serikali tu, basi. Afu siku moja nikaingia kuisoma yenyewe Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Kifungu cha 7 kinataja ardhi hatarishi na kinaorodhesha: vinamasi vya mikoko na miamba ya matumbawe, ardhioevu, sehemu za kutupia taka hatari, ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miteremko mikali. Nikasoma tena. Alafu Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inarudia zile mita 60, bila shughuli ya kudumu. Na kabla ya zote hizo mpango mji wa Dar wa mwaka 1979 ulishalitenga lile bonde kuwa eneo la hatari, si la kujenga. Yaani mzee alipokuwa anahesabu zile noti mwaka 1994, ile ardhi ilikuwa imeshatengwa isijengwe kwa miaka 15, na waliokuwa kazini kuilinda ndo walioshika kalamu kuiuza.

Sasa hapa ndo pananifikirisha. Sheria ileile ya Ardhi inasema ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini. Hilo neno lina uzito mkubwa kwa Kiswahili, ndani yake kuna dhamana, na jirani yake wa karibu ni amana. Na amana mi nilifundishwa na bibi yangu, mama yake mzee, kule Kisarawe, kabla sijajua kusoma.

Bibi alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda ambalo halikuwa lake. Jirani yake mmoja alisafiri kwenda kutafuta kazi akamwachia. Sisi wajukuu tulilijua lile sanduku vizuri kwa sababu kila tukienda likizo tulitumwa kulivuta nje, bibi anafagia chini, analipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi ili lisishike kutu, anakagua yale mawe manne ya chini kama mchwa hawajapanda, afu tunalirudisha. Hakuna aliyewahi kulifungua. Tulikuwa tunamsumbua, bibi kuna nini humo, anasema "cha mwenyewe." Kuna mwaka alikuwa mgonjwa, hana hela hata ya dawa, na lile sanduku liko chini yake. Mwenyewe hakurudi, alikuja mwanae wa kiume miaka mingi baadaye na ndevu zake, bibi akamkabidhi na ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu.

Na tuna msemo mwingine kuhusu bibi, ule wa "shamba la bibi". Kila mtu anaujua, ndo jina la kitu cha umma kinachochumwa na kila apitaye, bibi mwenyewe mzee hana nguvu za kufukuza mtu. Tunasema msitu wa serikali, ufukwe wa serikali, uwanja wa serikali, mara chache sana utasikia mtu anasema uwanja wetu. Nadhani chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ndo ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana, na umma wenyewe haukuulizwa. Uhuru ukaja, jina la mshikaji likabadilika, na wazo la umiliki wa pamoja ni zuri kabisa, mi nalitetea, bila hilo mtu wa kipato kama cha mzee wangu asingekuwa na pa kukanyaga nchi hii. Ila yale mazoea ya kwamba "ya umma" ni ya mkubwa fulani ofisini, hayo hayakuondoka. Na cha mkubwa ukikichukua usiku haikuumi kama ungechukua cha jirani.

Basi kiangazi kilichopita nikaamua niutembee mto wenyewe, Jumamosi tatu, kutoka vilimani mpaka baharini, kilometa kama 35 hivi. Sikuwa na maana ya kuandika, nilitaka tu nijue yale maji yaliyokuwa yanaingia sebuleni kwetu yalikuwa yanatoka wapi.

Yanatoka Pugu, kwenye vile vilima vya Kisarawe, karibu na kwa bibi. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia moja, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipa kiingilio na unapewa muongozaji. Ukiingia ndani kuna baridi ambayo huwezi kuamini kuwa uko karibu hivyo na Gongo la Mboto. Kuna mapango yaliyochimbwa kaolini zamani na jioni popo wanatoka humo kwa wingi kama moshi. Kuna bwawa la Minaki. Hii ni misitu ya pwani, imebaki vipande vipande tu kutoka Kenya mpaka Msumbiji, na ina mimea na viumbe ambavyo huvipati sehemu nyingine duniani.

Kilichonishika mimi kilikuwa kidogo sana. Yule muongozaji aliniambia niweke mkono ardhini chini ya mti, nichimbe na vidole. Majani makavu juu, chini yake majani yaliyooza, chini yake udongo mweusi laini kama unga wa dengu uliolowa, na ilikuwa kiangazi, wiki sijui ngapi bila mvua, na bado mkono ulitoka na unyevu. Afu tukatembea kama dakika ishirini mpaka sehemu iliyowahi kuchomwa mkaa zamani. Duara la tanuri bado linaonekana, udongo mwekundu umekuwa mgumu kama tofali, pembeni kisiki cha mkongo kikiwa kinajitahidi kutoa machipukizi. Akamwaga maji ya chupa pale. Yakateremka. Hayakuingia hata kidogo, yalikimbia juu ya ule udongo yakabeba vumbi jekundu yakapotelea kwenye mfereji mdogo. Hakusema kitu na mi sikusema kitu.

Sasa zidisha hiyo chupa moja ya maji kwa masika nzima, kwa vilima vilivyovuliwa miti kutoka Pugu mpaka Kisarawe mpaka Chanika. Na mkaa ni wa nani? Ni wetu, sisi mjini. Mama yangu alikuwa anapikia mkaa maisha yake yote, gunia linaletwa na baiskeli asubuhi na mapema, hatukuwahi kuuliza umetoka wapi. Nyumba nyingi sana Dar bado zinapikia mkaa na siwezi kumlaumu mtu anayenunua wa buku apikie leo kwa sababu hana ya kununua mtungi wa gesi kesho. Na kuna lingine gumu zaidi. Watu wanaotolewa mabondeni wanaenda wapi? Wanaenda pembezoni, viwanja vya bei nafuu, na pembezoni ndo huko kwenye mipaka ya msitu. Mgogoro wa mpaka wa Kazimzumbwi na wakazi wa upande wa Chanika umechukua miaka na miaka. Mzee wangu mwenyewe alipohamia Chanika alitembea na dalali siku mbili nzima akiuliza kila mtu bikoni za hifadhi, zile alama za mpaka, ziko wapi, dalali akachoka naye akamwacha njiani. Hakutaka kununua cha watu mara ya pili. Ila wangapi wana mda huo, na wangapi wanaonyeshwa hizo bikoni?

Jumamosi ya pili nikashuka kuanzia Gongo la Mboto, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti. Kinyerezi ni mchanga. Tipa zinaingia mtoni kabisa, vijana wanapakia kwa koleo, kingo zinamomonyoka na nyumba ya juu inabaki na nusu ya uwanja wake inaning'inia. Kijana mmoja nilimsalimia akanijibu vizuri tu, akaniambia kaka huu mchanga kila mvua unarudi, Mungu anatuletea. Unarudi kweli, ila ni udongo wa Pugu huo.

Vingunguti kuna viwanda, kuna machinjio, kuna mabwawa ya majitaka, na maji ya mto pale yana rangi inayobadilika kulingana na siku. Na pembeni ya hayo maji kuna mboga. Mchicha, matembele, kijani kibichi kinachopendeza macho, matuta yamenyooka vizuri, kina mama na vijana na makeni yao ya kumwagilia. Toka mwaka 1999 kuna utafiti umechapishwa kuhusu metali nzito kwenye mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. 1999! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto wake, na fungu la mchicha linatoka palepale linakuja sokoni kwetu. Nilikaa na mama mmoja mkulima pale, nikamwamkia, akanikatia muwa. Yuko hapo zaidi ya miaka 20, amesomesha watoto watatu kwa matuta kumi na mbili. Anajua mto kuliko injinia yeyote, anajua saa ngapi usiku maji yanabadilika rangi, anajua bomba lipi linatoa nini. Nikamuuliza amewahi kuulizwa na mtu wa ofisi yoyote. Akasema wanakuja kumfukuza, hawaji kumuuliza.

Hiyo kauli nimetembea nayo mpaka leo.

Kigogo kushuka mpaka Jangwani napajua, ni kwetu. Pale kuna jambo lazima niliseme hata kama ni aibu, kule bondeni mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha vyoo. Unatoboa shimo la choo ukutani upande wa mto, maji ya mafuriko yanachukua kila kitu. Sisi pia tulifanya. Gari la kunyonya haliwezi kupita zile njia, na hata likipita bei yake ni chakula cha wiki mbili, kwa hiyo unasubiri mvua. Na wa chini yako naye anasubiri mvua, na maji ya wote hao ndo yanaingia ndani kwa wa mwisho, na wa mwisho ana watoto wanacheza kwenye tope hilo kesho yake.

Jangwani yenyewe kila Mtanzania anaijua, kwa mikutano ya siasa, kwa Yanga, watoto wa Jangwani, na kwa barabara kufungwa. Lile bonde kazi yake ni kupokea maji, mto unapofurika unahitaji pa kutandazika upumzike kabla ya kuingia baharini. Tukaweka nyumba, tukaweka na karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mabasi yakaogelea mara kadhaa. Chini ya daraja makatapila yanachimba mchanga na takataka, mvua moja yanaanza upya.

Nilijaribu kuhesabu ni ofisi ngapi zinahusika na huu mto mmoja. Msitu ni TFS. Maji yenyewe ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Uchafuzi ni ofisi ya mazingira ya taifa. Ardhi ni wizara ya ardhi na halmashauri, na halmashauri zenyewe ni zaidi ya moja, kuna Kisarawe ambayo hata mkoa ni mwingine, kuna Jiji, Ubungo, Kinondoni. Daraja kubwa ni TANROADS, mitaro na barabara ndogo TARURA. Mikoko inarudi tena kwa TFS. Ndani ya kila ofisi kuna watu wanaojua kazi, nimekutana nao, wengine wana uchungu kuliko mimi. Ila kila mmoja ameshika kipande, na maji hayajui mpaka wa kipande. Wa juu akilala, wa chini hata akikesha anazoa matope tu.

Na kuna tofauti moja niliigundua kwenye kusoma sheria ambayo sijaona watu wakiiongelea. Sheria ya Misitu ya 2002 inamjua jirani. Inasema kijiji kinaweza kumiliki na kutunza msitu wake, au kikakaa mezani na serikali wakatunza pamoja msitu wa hifadhi, usimamizi shirikishi. Hiyo ilitokana na watu wenyewe, mfano Duru-Haitemba kule Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuuchukua ule msitu uwe hifadhi, wanavijiji wakasema tupeni sisi, wakaweka walinzi wao na sheria zao ndogo, na msitu ukapona. Kilwa kuna vijiji vinavuna mpingo kwenye misitu yao kwa utaratibu na hela inajenga madarasa. Lakini ukishuka mjini, pembeni ya mto, jirani anaitwa mvamizi. Yule mama wa mchicha, wale vijana wanaookota chupa, hata wale wa mchanga, kwenye karatasi hawapo isipokuwa kama wakosaji. Kwa hiyo hakuna mtu anayeamka asubuhi pembeni ya Msimbazi akiwa na sababu ya kuulinda.

Nairobi wana Karura, msitu wa hekta kama elfu moja katikati ya jiji, na miaka ya 1990 ulikuwa unagawiwa viwanja kwa watu wenye majina. Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa mazingira wa Kenya, alishapigania bustani ya Uhuru Park mwaka 1989 lisijengwe humo lile jengo la ghorofa 60, na Januari 1999 alienda Karura kupanda miti akapigwa mpaka damu. Hiyo sehemu watu wanaikumbuka. Ambayo haisemwi sana ni iliyofuata, kwamba kuanzia 2009 majirani wa msitu walijiunga kwenye chama chao wakafanya kazi pamoja na shirika la misitu la serikali, uzio ukawekwa, walinzi wakachukuliwa kutoka mitaa ya jirani, na msitu ambao watu waliogopa hata kupita pembeni yake ukawa sehemu ya familia kutembea Jumapili. Ukiwa na watu elfu wanaotembea mahali kila wiki, mtu hawezi kuja na seng'enge usiku akapima kiwanja.

Msimbazi nao sasa una mradi mkubwa, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Nyumba nyingi za bondeni zimelipwa fidia na kuondolewa, safari hii walilipwa, na mimi nafurahi kwa ajili yao ingawa kwa mzee nilikosa cha kumwambia. Daraja jipya la Jangwani la juu zaidi, mto kupanuliwa, na pale bondeni bustani kubwa ya jiji. Nautakia mema huo mradi kwa moyo wote. Natamani sana nione watoto wanacheza mpira pale tulipokuwa tunapandisha magodoro. Hofu yangu ni siku ya pili baada ya utepe kukatwa. Nyumba zikishaondoka, ile ardhi itaonekana tupu, na Dar ardhi tupu haikai mwezi bila dalali. Kuna mhuri wa bluu mahali fulani unasubiri. Ningeomba ramani ya ile mipaka ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, kubwa, yenye rangi, mtu asiyejua kusoma aione, na kila bikoni iwe na jirani wake anayejulikana kwa jina anayelipwa chochote kidogo kuitazama. Na yule mama apewe sehemu salama ya kulima, afu aulizwe bomba lipi.

Jumamosi ya tatu nilimalizia daraja la Salenda, mto unapoingia baharini. Nilifika maji yamekupwa. Watu wanapita juu na magari yao kwenda Masaki, upande wa baharini lile daraja la Tanzanite linang'aa, na huku chini kuna mikoko ambayo ni watu wachache wanaiangalia. Mikoko imelindwa kama hifadhi pwani yetu toka enzi ya Mjerumani, na kabla ya hapo karne nyingi majahazi yalikuwa yanabeba boriti zake mpaka Uarabuni, dari za nyumba za zamani Oman na Zanzibar zimebebwa na huu mti. Pale Salenda kuna mchu, ule ambao mizizi yake inachomoza juu kutoka kwenye tope, midogo myembamba kama penseli maelfu, inatafuta hewa. Nilichuchumaa karibu kabisa. Kila penseli ilikuwa imevaa kitu. Chupa, kamba, lapa la mtoto la upande wa kushoto, pampasi, kipande cha mfuko wa saruji. Mifuko ya plastiki imepungua kweli toka ilipopigwa marufuku Juni 2019, hilo nililiona kwa macho. Nikatoa lile lapa. Chini yake kulikuwa na kaa mdogo mwekundu, kanipandishia gando lake, afu kaingia kwenye tundu.

Tope lenyewe lilikuwa na michirizi myekundu. Nilikuwa nimeiona ile rangi, Pugu, pale kwenye duara la tanuri.

Nikampigia mzee simu ya video. Hajawahi kufika pale chini, miaka yote ameishi kwenye mto mmoja na hajawahi kuuona unapoishia. Nikageuza kamera taratibu, mikoko, ndege weupe wenye miguu mirefu, daraja, bahari. Aliangalia bila kusema kitu mda mrefu, nasikia tu kuku wake nyuma. Afu akauliza, "maji yamefika wapi?"

Nikashusha simu karibu na tope aone. Nikamwambia bado yako kwenye mizizi mzee, ndo yanaanza kupanda.